Gervase Harbottle, Mwandishi wa Jumba la Korongo, Anarudi Kendal

Ifikapo Sikukuu ya Malaika Mikaeli, mwishoni mwa Septemba hii ya mwaka 1611, Bwana Gervase Harbottle ataweka kalamu chini baada ya miaka ishirini na sita ya kuliandikia Jumba la Korongo michezo ya kuigiza. Waliokuwapo siku alipofika ni wachache. Ukiacha panya wa chini ya jukwaa, amebaki Mzee Humphrey Strode peke yake, na huyo tutamfikia.

Mimi ni Jerome Pask, mwigizaji wa watu waovu. Wenzangu wamenipa kazi ya kuandika wasifu huu, usomwe mezani kabla pai ya samaki mikunga haijakatwa, kwa hoja kwamba mtu aliyeuawa na Bwana Gervase mara nyingi kuliko wote ndiye anayemjua vizuri. Ameniua kwa upanga, kwa sumu, kwa kusukumwa mnarani, na mwaka ule wa mvua kubwa aliniua kwa pipa la bia lililobiringika kutoka ghorofani. Sina kinyongo. Kila kifo alinitafutia maneno mazuri ya kuondokea.

Alizaliwa Kendal, kaskazini, katika nyumba ya mtia rangi sufu. Alipoingia London mikono yake ilikuwa ya kijani mpaka viwikoni, na kwa majuma kadhaa watu wa mitaa yetu ya ng'ambo ya mto walidhani ana ugonjwa. Alikuja kutafuta kazi ya uigizaji. Akapewa kazi nyepesi kuliko zote, ya kuwa maiti. Mjane alipoanza tu kulia juu ya jeneza, maiti akapiga chafya, na uwanja mzima ukaitikia kwa pamoja, "Afya, marehemu." Mwenye jumba wa wakati ule akataka kumfukuza kabla jua halijatua. Aliyemkinga ni Humphrey Strode, ambaye ndiye aliyekuwa mwigizaji wetu mkuu, mwenye sauti ya kusikika hadi kwa wavushaji wa mtoni.

"Kijana huyu hawezi kufa, hilo tumeliona," Humphrey alisema. "Lakini jana alikuwa ananisimulia habari za kwao nikaona mvua inaninyeshea hapa mezani. Mpeni karatasi."

Wakampa karatasi. Tangu siku ile hakupanda tena jukwaani, na aliapa kwamba hatapanda. Aliandika. Michezo thelathini na kitu, sijui idadi kamili na yeye mwenyewe hajui, kwa sababu mingine aliisahau ikiwa bado inachezwa. Wazee wa hapa bado wanamtaja "Mjane wa Bandari ya Chumvi", ambao ulifanya wauza njugu wasahau kuuza njugu. Vijana wanaupenda "Usingizi wa Kengele", ule wa mji unaolala siku nzima na kuishi ndotoni, mpaka watu wake wanaanza kulipana madeni ya ndotoni. Upo pia ule wa mchungaji, alioutilia mbuzi wa kweli kwa ajili ya uhalisia. Mbuzi alikula maua ya malkia, kisha akala maneno ya mchekeshaji wetu Piers Tully kabla hayajakaririwa. Hatukuurudia.

Na mashairi aliyaandika tauni ilipofunga majumba yote ya michezo. Wengine tulikwenda mikoani kuigiza katika viwanja vya nyumba za wageni, tukila mkate mkavu. Yeye alibaki katika chumba chake juu ya mto, na tuliporudi tulimkuta amekonda, ana kitabu mkononi.

Mji umefunga lango, mto hauna habari,
Wapita kwa yake ringo, ukiiota bahari.

Ndivyo kinavyoanza. Baridi ile kuu ya mto kuganda, watu walipofungua vibanda vya mkate wa tangawizi juu ya barafu, alisimama katikati ya maji magumu akawasomea beti hizo watelezaji. Walikuwa wakipita karibu naye polepole, wanasikia mistari miwili, wanapotelea katika ukungu, wanarudi kwa mistari miwili mingine. Mimi nilikuwapo. Mpaka leo sina hakika kama sikuiota siku ile.

Namna yake ya kufanya kazi ilituchekesha na kututia wivu. Alifika asubuhi kabla ya mtu yeyote, akajifunika joho la mfalme kutoka chumba cha mavazi, akaketi katikati ya jukwaa tupu chini ya uwazi wa paa. Njiwa walitembea miguuni pake. Alifumba macho. Ukimwambia amelala, alikujibu bila kuyafumbua kwamba anasikiliza. Akitembea kando ya mto aliongea peke yake, na wavushaji walimpigia kelele, "Wee mshairi, hayo ni maji, ukikanyaga utalowa." Aliwavulia kofia akaendelea kuongea. Lakini mchana joho lilirudishwa, na mezani palikuwa na karatasi zilizojaa.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, kwa faida ya wake zetu watakaokuwa mezani. Mchezo mzima huandikwa mara moja tu, nao hushikwa na mtunza kitabu, Lambert Oakes. Sisi waigizaji kila mmoja hupewa gombo lake, lenye maneno yake mwenyewe na maneno matatu manne ya mwisho ya mwenzake, ili ajue pa kudakia. Mchezo mzima hatuujui. Nimewahi kuuawa na mtu ambaye sikujua kama ananichukia mpaka kisu kilipotoka. Mtu husikia neno lake, hudaka, husema, hutoka.

Na kwa sababu hiyo, kwa miaka kadhaa, hakuna hata mmoja wetu aliyetambua alichokuwa akikifanya Bwana Gervase. Mzee Humphrey alikuwa anaanza kusahau. Kwanza yalimpotea majina, kisha mistari. Sheria ya kundi letu inajulikana na ni kali: asiyeweza kushika maneno yake hupoteza nafasi yake na fungu lake la mapato, na Humphrey hana mke wala mtoto wala pa kwenda, anaishi katika chumba kidogo nyuma ya chumba cha mavazi. Basi Bwana Gervase alianza kumwandikia watu wanaosahau. Wafalme wazee, watawa vipofu, mizimu inayouliza njia. Kila mwaka maneno ya Humphrey yalipungua kidogo na yetu yaliongezeka kidogo. Sisi tulinung'unika tu. Piers alikuja siku moja na gombo linaburuta chini.

"Bwana Gervase, mimi ni mchekeshaji. Mbona humu nimegeuzwa mpiga ramli? Kila nikifungua mdomo namwambia mzee nani ni mwanawe na jana alikula nini."

"Wewe sema, Piers. Watacheka."

Na kweli walicheka. Akiulizwa "Si ulisema, mzee, kwamba meli ilizama mbele ya mlango wa kanisa?", Humphrey alihitaji kusema "Ndivyo" tu, kwa sauti ile yake, na uwanja ulipata baridi ya mgongo. Lambert peke yake, aliyeshika kitabu kizima, ndiye aliyeona, naye alifunga mdomo.

Gharama ya hayo ililipwa Kendal. Mkewe Bwana Gervase, Bibi Dorcas, ameendesha kiwanda cha rangi miaka yote hii na kulea mabinti wawili, akimwona mumewe kila Kwaresima tunapofunga jumba. Mumewe alimwahidi kurudi moja kwa moja binti wa mwisho atakapoolewa. Binti aliolewa, ana watoto. Kila mwaka Bwana Gervase alisema mchezo huu ndio wa mwisho, kisha akauanza mwingine, kwa kuwa akiondoka yeye, mwandishi atakayekuja atamwandikia Humphrey maneno ya mtu mzima mwenye kumbukumbu, na siku ya kwanza tu mzee atakuwa barabarani. Hilo hakulisema kwa mtu. Kwa mkewe aliona haya kulisema, sijui kwa nini. Wanaume tuna haya za ajabu.

Mwanzoni mwa mwezi huu Bibi Dorcas aliteremka mwenyewe, juu ya mkokoteni wa sufu. Alitukuta katika baa ya Ngao Mbili tukinywa bia. Hakuketi.

"Shemeji zangu, hamjambo. Sina ugomvi na nyinyi. Gervase, nimekuja kukuambia mbele ya watu ili usiseme hukusikia. Hadi Mikaeli. Ukija baada ya hapo, utabisha mlango wa mjane."

"Dorcas, kuna jambo—"

"Najua lipo. Lina nywele za rangi gani?"

Tukatazama vikombe vyetu. Bwana Gervase angeweza kusema neno moja tu akajiokoa, lakini Humphrey alikuwa ameketi pale pale karibu na moto akitabasamu, na neno hilo lingemwangamiza mzee mbele ya wenye mafungu wote, ambao ndio huamua nani abaki. Akainamia bia yake. Bibi Dorcas alitikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu, akatoka kwenda kwenye shughuli zake za sufu hapa mjini. Tuliona uso wa Bwana Gervase. Mimi nilimwonea huruma, nikamkasirikia pia, kwa sababu nami niliamini kuna nywele.

Mchezo wetu wa mwisho kwake ni "Mvushaji wa Ukungu", na ulichezwa Alhamisi iliyopita saa nane mchana, uwanja umejaa, ukungu wa kweli umeingia kutoka mtoni na kutusaidia kazi. Humphrey ni mvushaji mzee aliyesahau kwao ni ng'ambo ipi. Mtumbwi wa mbao upo katikati ya jukwaa. Mimi ni mfanyabiashara mwovu, abiria wake, ambaye huzama katika sehemu ya tatu. Bwana Gervase alikuwa ametuonya sote kwa pamoja: "Mzee akitamka neno lenu, dakeni papo hapo. Msimngoje, msimtazame, msimwache na ukimya." Tulilishika agizo lake neno kwa neno, na hapo ndipo tulipoharibikiwa.

Maneno ya kumaliza mchezo, ambayo karibu kila mtu alikuwa nayo kwenye gombo lake, ni haya ya mvushaji: "Funga kamba, tumefika." Tarumbeta zilikuwa nayo. Wapiga radi waliokuwa darini na tufe lao la chuma la kubiringisha walikuwa nayo. Msafara wa harusi ulikuwa nayo, na msafara wa mazishi, na Piers aliyevaa mabawa ya malaika. Humphrey akatoka, akatazama ule uwanja wote wa nyuso, akaketi mtumbwini. Kisha kwa sauti tulivu kabisa, likiwa neno lake la kwanza siku ile, akasema, "Funga kamba, tumefika."

Basi tukadaka. Watu wengine wowote wangesita, wangejiuliza, wangeona kwamba mchezo haujaanza. Sisi tumefundishwa kutosita. Tarumbeta zikalia, radi ikabingirika, bibi harusi akaingia kutoka mlango wa kulia na jeneza kutoka wa kushoto, wakakutana mtumbwini. Piers aliteremshwa kwa kamba kutoka mbinguni, akaishia hewani akining'inia, maana aliyeshika kamba naye alikuwa amekwisha kudaka na kwenda zake. Mimi, nikiona mambo yameisha, nikazama mara moja. Nikalala sakafuni nimekufa. Ndiyo sababu mengine yote niliyaona kwa jicho moja, chini kwa chini.

Hakuna aliyejua la kufanya. Kila mtu alikuwa amemaliza gombo lake. Lambert alifungua kitabu mbele, akafungua nyuma, akakifumba. Uwanjani walianza kucheka, kisha kicheko kikapungua, kwa sababu Humphrey alikuwa ameshika kasia anageuza kichwa huku na huku, na mtu yeyote aliyewahi kuwa na baba mzee alitambua kwamba haigizi. Mwenye mafungu mmoja pale pembeni alikuwa ameanza kuagiza pazia la mlango wa chumba cha mavazi livutwe.

Wakati huo nikasikia hatua. Bwana Gervase Harbottle, aliyeapa asipande tena jukwaani, alitoka na kanzu yake ya kila siku na wino vidoleni, akapita kati ya harusi na mazishi, akaniruka mimi, akaketi mtumbwini akimwelekea mzee.  

"Wewe ni abiria?" Humphrey akamwuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Kwenda wapi?"

"Kendal."

"Ah, mbali. Mbona hujaondoka?"

Bwana Gervase alitazama ukungu uliokuwa ukiingia jukwaani.  "Naona ukungu," akasema.

Humphrey alilaza kasia magotini. Akamtazama, na uso wake ukatulia, ukawa ule uso tuliokuwa tukiujua zamani.

"Gervase," alisema, "ulidhani sijui? Mtu hukosa kujua jina la mfalme, lakini mdomo wake mwenyewe ukifanywa mdogo, anajua. Kila mwaka ulikuwa unaniondolea mzigo kidogo, unawatwika hawa. Nilinyamaza. Nilijua nikisema, utaondoka, na mimi nitakuwa nani? Nimekukalia, kijana wangu. Nenda kwenu sasa. Mimi nimekwisha kuvusha watu wa kutosha."

Watazamaji walidhani ndio mchezo wenyewe. Sisi tulioko jukwaani tulikuwa tunaanza kuelewa, mmoja mmoja, kwa nini magombo yetu yalikuwa marefu. Piers alikuwa analia huko juu, machozi yanamdondokea bibi harusi.

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka uwanjani, katikati ya waliosimama, yenye lafudhi nzito ya kaskazini.

"Samahani, mzee. Ni wewe unayemshika mume wangu hapa miaka yote hii?"

Humphrey alisimama, akavua kofia. "Ni mimi, bibi. Unisamehe."

"Nami nilidhani ni mwanamke," akasema Bibi Dorcas.

Uwanja ulipasuka kwa kicheko, hata yeye akacheka, huku anajifuta macho kwa ncha ya shali. Alisogea mpaka kwenye ukingo wa jukwaa, watu wanampisha.

"Gervase, wewe ni mjinga. Ungeniambia ni mzee anayesahau, ningekuja kumchukua mwenyewe kwa mkokoteni. Mama yangu alisahau miaka tisa nyumbani kwetu, wewe ulikuwa hapa unaota. Chumba cha juu ya ghala la sufu kina joto na hakina mtu. Mzee, unapenda uji wa shayiri?"

"Sikumbuki, bibi."

"Basi utaupenda kila asubuhi upya. Shukeni humo mtumbwini, nyote wawili."

Wakashuka, wameshikana mikono. Makofi yalipigwa mpaka njiwa wakakimbia paa. Kesho yake watu walirudi kutaka mchezo ule ule, na tulilazimika kuwaambia kwamba haupo, maana Bwana Gervase hakuuandika na sisi hatukuukariri. Wengine walitutukana. Wana haki.

Kwa niaba ya kundi zima, nashukuru kwa michezo, kwa mashairi, kwa vifo vyangu vyote, na kwa kutufanya tumbebe mzee wetu bila kujua kwamba tumebeba. Tungejua, pengine tungekataa, na leo tungeona aibu. Mkokoteni wa sufu unaondoka Jumatatu baada ya sikukuu, una nafasi ya watu watatu. Bwana Gervase, Bibi Dorcas, safari iwe nyepesi na siku za mbele ziwe nyingi na tulivu. Sisi tuko hapa, mikono wazi, mkitaka kuja kutuona tukiharibu maneno ya mwandishi mwingine.

Nilikuwa nimeshamaliza kuandika asubuhi ya leo, Mzee Humphrey akaja kuketi karibu nami. Aliuliza karamu inayoandaliwa ni ya nani. Nikamwambia ni yake na ya Bwana Gervase. Akauliza tena.

"Nilifanya kazi gani hapa?"

"Ulikuwa unasema maneno, mzee. Watu walitoka mbali kuja kukusikia."

"Yalikuwa mazuri?"

"Mazuri sana."

"Mimi siwezi kuyatunga maneno mazuri," akasema. "Lazima kuna mtu alikuwa ananiandikia. Ukimwona, mwambie ahsante."

Bwana Gervase, nimekuona. Mzee anasema ahsante.